Uza Nyumba Yako, Lakini Piga Hodi

Leo sichekeshi. Wale mmezoea kuja hapa kucheka mambo ya makanga na mama mboga, leo mtanivumilia. Nina hasira, na nataka kuiandika kabla haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kusema "ni sawa tu, ndio maisha ya kupanga", na si sawa.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, mwanaume nisiyemjua alifungua mlango wa chumba ambamo dada yangu alikuwa amelala.

Ngoja nieleze vizuri. Naishi Buruburu na dada yangu mkubwa na mtoto wake wa miaka sita. Nilihamia kwake nilipoacha chuo mwaka wa pili. Ile stori ya karo mnaijua, siirudii. Dada ni muuguzi na wiki hiyo alikuwa zamu ya usiku. Akiwa zamu hiyo anafika nyumbani kama saa mbili na nusu, anaoga, anakunywa chai, anafunga pazia, analala. Mimi na mtoto tunajua sheria: hakuna kupiga kelele mpaka saa nane. Hata miti ya chapati nasukuma polepole.

Nyumba yenyewe ni zile za zamani, za enzi mtaa ulipojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970. Vyumba vya kulala juu, sebule na jikoni chini, ua kadogo nyuma. Mwenye nyumba ni mzee mmoja mstaafu. Ameamua kuiuza. Hiyo ni haki yake na sina neno. Alimpigia dada simu mwezi wa kwanza, akasema watu watakuwa wanakuja kuangalia, tukamwambia sawa mzee, tutafutie tu siku. Mzee wetu si mtu mbaya, niliseme hilo mapema. Tulipochelewesha kodi wakati dada hajalipwa mshahara, hakutufokea. Lakini baada ya simu ile moja, kazi aliiacha kwa dalali, na ufunguo wa akiba akampa dalali.

Tangu siku hiyo wamekuja mara kumi na moja. Nimehesabu. Tuliambiwa mara tatu.

Sasa Jumamosi. Mimi niko jikoni, masikio yamezibwa na visikizi, nakata video. Nikahisi upepo mguuni. Kugeuka, mlango wa mbele uko wazi na sebule ina watu wanne: dalali, bwana na bibi, na mtoto wao ambaye tayari amepanda juu ya kochi na viatu. Dalali akaniangalia akasema, "Kijana, sisi tunaangalia tu, wewe endelea na shughuli zako."

Nikaruhusiwa kuendelea! Kwetu! Kodi ya mwezi tulilipa tarehe 3.

Kabla sijavua visikizi vizuri, wako kwenye ngazi. Nikawafuata nikisema juu kuna mtu amelala. Dalali hakugeuka. Nikasikia sauti yake ile ya biashara, "na hii sasa ndiyo masta," halafu mlango, halafu dada yangu akipiga ukemi ambao sijawahi kuusikia tangu tuzaliwe. Pazia limefungwa, malapa yako mlangoni, sare ya kazi imetundikwa kwenye kitasa. Kitasa hicho hicho alichoshika! Halafu anacheka. "Ooh, pole madam, sikujua kuna mtu."

Yule mama mnunuzi alimvuta bwana yake mkono wakashuka. Pale chini akaniambia, na nilimwamini, "Pole sana ndugu yangu, tuliambiwa nyumba iko tupu." Halafu nikaona simu ya yule bwana. Alikuwa anarekodi tangu getini. Hakuwa na nia mbaya. Nyumba inanunuliwa na ndugu yake aliye Marekani, na mtu wa Marekani anunue nini kama haoni? Nikamwomba afute, akafuta mbele yangu. Lakini ile ya ghorofa ya juu alikuwa ameshaituma. Tiki mbili, tena za bluu. Kwa hivyo kuna mtu Marekani, mwanaume ambaye hatumjui hata jina, amemwona dada yangu akiruka kitandani na nguo za kulala. Aliambiwa afute. Labda amefuta.

Dada hakulala tena siku hiyo. Jioni alienda kazini vile vile. Yeye ndiye hupima dozi za wagonjwa usiku, na alienda kuzipima bila usingizi kwa sababu dalali anataka asilimia yake.

Niliandika kidogo kuhusu hii stori kwenye stetasi ya WhatsApp. Majibu yakaja ya namna mbili. Wa kwanza ni waliokuwa na stori zao. Rafiki yangu wa Kinoo alirudi kutoka kazini akapata nguo zake za ndani zimetolewa kwenye kamba ya bafuni, zimerundikwa kwenye ndoo, ili bafu "lionekane vizuri". Yaani mwanaume amesimama pale, akaanua moja baada ya nyingine. Jamaa mwingine anaishi bedsita Umoja, na huko hakuna kujificha: ukifungua mlango umefungua chumba cha kulala, jikoni na sebule kwa pamoja. Wanunuzi wa ploti waliingia wakamkuta anakula. Wakasimama wakizungumza bei juu ya kichwa chake. Ati akaacha kutafuna.

Majibu ya pili ni haya: "Nyumba ni yake. Ukitaka faragha jenga yako."

Nyinyi ndio naandikia leo.

Kwanza hebu tuangalie Kiswahili chenyewe, maana hata kabla ya sheria lugha imeshamaliza hii kesi. Tuna mwenye nyumba na tuna mwenyeji. Hao ni watu wawili. Mwenye nyumba ana hati miliki kwenye faili. Mwenyeji ndiye yuko ndani, ndiye anaitikia hodi. Sijawahi kusikia mahali popote, bara wala pwani, mgeni akipiga hodi mlangoni halafu "karibu" ikatoka kwa mtu aliye Nyeri. Na hodi ni swali. Linaweza kujibiwa karibu, na linaweza kujibiwa subiri kidogo. Watu wa Pwani wamefundishwa tangu utotoni: piga hodi mara tatu, usipoitikiwa rudi ulikotoka. Dalali wetu alipiga hodi sifuri. Ana ufunguo, hodi ya nini?

Hiyo "jenga yako" inasahau kitu kimoja. Kodi tunalipa ya nini? Mtu akinunua soda, duka halibaki na haki ya kuonja. Tunacholipia kila mwezi ni ile nafasi ya kufunga mlango tukawa sisi. Kuta mzee alishalipia zamani, vigae vilishalipwa. Ukiniuzia mwezi wa nne halafu ukaingia mwezi wa nne unavyotaka, umeniuzia nini?

Na sheria iko. Sikumaliza chuo, lakini kusoma sijaacha, na sheria zetu ziko bure mtandaoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha, na nyumba imetajwa pale, na habari za familia na mambo ya kibinafsi kutofichuliwa bila sababu zimetajwa pale. Kinasema kila mtu. Hakijasema kila mwenye hati miliki.

Halafu Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65. Hata kama huna mkataba wa kurasa kumi, hata kama mkataba wako ni risiti tu, sheria hiyo inachukulia kwamba mwenye nyumba amekuahidi jambo: ukilipa kodi na kutimiza masharti yako, utakaa kwa utulivu bila kuingiliwa na yeye wala mtu anayekuja kwa jina lake. Dalali anakuja kwa jina la nani? Na kweli, kifungu hicho kinampa mwenye nyumba ruhusa ya kuingia, yeye au mtu wake, kwa saa zinazofaa, kukagua hali ya nyumba au kufanya ukarabati unaomhusu. Hata hapo kinamwambia asimsumbue mpangaji kupita kiasi. Kukagua na kukarabati. Mimi nimesoma mara tatu na sijaona pahali pa kuleta familia ya watu ipime kabati zetu huku mtoto akiruka kwenye kochi.

Kama mkataba wako una sehemu inayosema ataleta wanunuzi, hapo umekubali, utaufuata. Lakini usome mpaka mwisho wa sentensi. Mara nyingi kuna neno "kwa taarifa" limejificha hapo, na madalali huruka hilo neno kama shimo barabarani.

Kingine ambacho wengi hawajui, na madalali hawataki mjue: nyumba ikiuzwa, wewe hutupwi nje siku hiyo. Mnunuzi ananunua na mpangaji ndani. Kama unalipa kila mwezi, anayetaka utoke, awe wa zamani au mpya, lazima akupe notisi isiyopungua mwezi. Kwa hivyo ile sauti ya "shirikiana na sisi kijana, la sivyo utatoka wiki ijayo" ni upepo.

Sasa mtaniuliza, kama sheria ni tamu hivyo, mbona hukwenda kushtaki? Swali zuri. Kuna Mahakama ya Kodi za Nyumba, ile ya kusikiza kesi za wapangaji wa nyumba za kuishi. Sheria yake ni ya tangu enzi za mkoloni, na inahudumia nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni nyumba ya 2,500 Buruburu. Nionyesheni hata stoo. Hiyo mahakama iliwekwa kwa ajili ya wapangaji, na wapangaji wengi wa Nairobi hawatoshei kwenye mlango wake. Wanaobaki waende mahakama za kawaida, na wakili, na nauli, na ruhusa kazini, kwa sababu ya mtu aliyefungua mlango wa chumba. Nani ataenda?

Na kuna dipoziti. Hapo ndipo mdomo wetu umeshikwa. Mwenye nyumba ana mwezi mzima wa pesa zako mkononi, na wewe unajua siku ya kutoka ataangalia ukuta, ataangalia sinki, na kama mlikosana ataona nyufa ambazo zilikuwepo kabla hujazaliwa. Kwa hivyo mpangaji anahesabu. Kufungulia wageni mlango Jumamosi ni bure. Kubishana kunaweza kumgharimu dipoziti yote. Anafungua mlango, anasema karibuni, anaenda kusimama kwenye ua mpaka wamalize. Msiseme amekubali. Ameogopa, na kuogopa kwake kumefanana na kukubali.

Kuna hii ingine ya usalama, nitaipitia haraka maana kila mtu wa Nairobi anaielewa. Watu kumi na moja wa makundi mbalimbali sasa wanajua kompyuta yangu inakaa wapi, kamera inakaa wapi, na dirisha gani la nyuma halina grili. Hakuna hata mmoja aliyeandika jina getini. Dalali mwenyewe kitambulisho chake sijawahi kukiona. Na sheria ya madalali wa nyumba iko, inataka mtu anayefanya hiyo kazi awe amesajiliwa na bodi yao. Muulize anayekuja kwako cheti chake. Uliza kwa upole, halafu angalia sura.

Sasa nakuja kwa kitu ambacho kingekuwa rahisi kuficha.

Mwaka jana mimi ndiye nilikuwa nashika kamera. Wale wa zamani mnakumbuka zile video zangu za keja, "twende ndani tuone". Dalali mmoja alikuwa ananilipa 1,500 kwa kila nyumba. Nilikuwa nahitaji hiyo pesa, na sitajifanya sikuipenda. Nyumba nyingi zilikuwa tupu. Moja haikuwa. Ilikuwa flati inauzwa, mpangaji yuko kazini, dalali ana ufunguo. Nikauliza, "mwenyewe anajua?" Akasema, "ameshaambiwa." Nikaridhika na jibu hilo, kwa sababu nilitaka kuridhika. Nikarekodi sebule, nikarekodi chumba, nikaingia jikoni na kufungua kabati moja baada ya nyingine nikisema, "wasee, angalieni nafasi ya hapa." Nikatupia mziki. Watu wakaipenda, ikafika elfu arobaini na kitu.

Baada ya siku tatu mama mmoja akaniandikia inboksi. Aliandika kwa heshima sana, nakumbuka alianza na "samahani kijana wangu". Akasema hiyo ni nyumba yake, anaomba niitoe. Mimi, na hapa ndipo najiaibisha, nikamjibu kwamba uso wake hauonekani popote kwa hivyo hakuna shida. Akaniandikia: "Kikombe changu kinaonekana. Pazia zangu zinaonekana. Na kwenye kabati ya pili kuna dawa zangu, na jina la kliniki. Watu wa kwetu wanakufuata."

Nilirudi kwa hiyo video nikaisimamisha kwenye kabati ya pili. Chupa iko pale, nusu sekunde. Mimi niliyeikata hiyo video sikuwa nimeiona. Lakini mtu anayeijua hiyo pazia angesimamisha.

Niliitoa usiku huo. Nikamwandikia pole ndefu. Hakujibu, na hakuwa na deni la kunijibu. Sijui kama kuna ndugu yake aliyeona, na kwa sababu sijui, siwezi kuliweka hilo jambo mahali popote likae. Liko tu. Jumamosi nilipokuwa nimesimama kwenye ngazi nikimwambia mtu afute video, nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kwa yule bwana: "Lakini uso hauonekani vizuri, bro."

Kwa hivyo nikizungumzia kamera, nazungumza kama mtu wa ndani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu hali yako ya afya kuwa habari nyeti. Inahesabu pia mambo ya familia yako, majina ya watoto wako, hata mali yako. Angalia sebule yako sasa hivi ukiwa umekaa. Picha ya mtoto na sare ya shule. Cheti cha kliniki kwenye friji. Barua ya benki juu ya meza. Sebule ya mtu ni faili iliyofunguliwa, na sisi tunaingia na simu tukisema "nafasi ni kubwa".

Na hapa, tofauti na ile mahakama ya 2,500, kuna mlango unaofunguka. Ofisi ya Kamishna wa Data inapokea malalamiko bila malipo, na sheria inaipa siku tisini kuyachunguza. Na si meno ya plastiki. Mwaka 2023 iliipiga Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ya Uthiru ikapigwa 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila wazazi kukubali. Mtu aliyekuwa anakunywa kwenye klabu, mahali pa watu wengi, alionekana ana haki ya kuulizwa. Mtu aliye kitandani kwake je?

Wengine watasema, sasa mzee atauzaje? Atauza. Hakuna mtu amekataa watu waone nyumba. Mimi ningekuwa nanunua kitu cha mamilioni ningetaka kuona mpaka tangi la maji. Lakini ni nini kigumu katika kupiga simu siku moja kabla? Mara kumi na moja zingeweza kuwa mchana wa Jumamosi mbili, watu wakipangwa saa kwa saa, na dada angebadilisha zamu, na nyumba ingekuwa imepigwa deki, na mnunuzi angeona kitu kizuri. Hata kibiashara, dalali huyu ni mjinga. Yule mama mnunuzi aliondoka akiwa ameona aibu. Mtu hanunui nyumba ambamo ameona aibu.

Picha za tangazo zipigwe mara moja, tukiwepo, tukiwa tumeondoa vitu vyetu vya siri. Anayetaka video ya kumtumia ndugu yake ng'ambo, aombe, tutampisha na tutamwambia wapi asielekeze simu. Vyumba vya kulala vifunguliwe na anayelala humo. Na kama hii biashara itachukua miezi, si vibaya mwenye nyumba akapunguza kodi kidogo, maana kuanzia hapo sehemu ya nyumba inatumika kama duka lake. Hilo la mwisho najua mtanicheka. Chekeni, lakini muulize.

Nyinyi wapangaji wenzangu, tuache kusema mambo haya kwa mdomo tu. Andika ujumbe. WhatsApp inatosha. Mwambie kwa heshima siku na saa ambazo unaweza, mwambie hutaki mtu aingie bila wewe kujua, mwambie hutaki picha za vitu vyako. Usitukane. Ujumbe wa matusi ni ushahidi wake, ujumbe wa heshima ni ushahidi wako. Nyinyi wenzangu wa kontenti mnaopiga video za keja: mkiambiwa "ameshaambiwa", ombeni namba ya huyo aliyeambiwa. Ni simu ya dakika moja. Mimi singekuwa naandika sehemu ile ya katikati kama ningepiga hiyo simu.

Sisi tuliandika Jumapili jioni. Dada ndiye aliandika, mimi nilitaka kuongeza maneno akaninyang'anya simu. Aliandika: "Shikamoo mzee. Hatukatai watu kuja. Tunaomba tuambiwe siku moja kabla, na tunaomba ufunguo urudi kwako. Jana wameniingilia nikiwa nimelala." Basi. Mzee alisoma akakaa kimya saa nzima, halafu akapiga simu. Alikuwa amekasirika, na haikuwa kwetu. Alisema alidhani tunaambiwa kila mara, kwamba dalali alikuwa anamwambia "wapangaji wako sawa". Alisema pia kitu kingine, kwamba anauza kwa sababu ya hospitali ya mkewe, na dada akanyamaza kidogo, akamwambia pole mzee, mlete majibu ya vipimo nimwone.

Jumatatu nilienda kununua komeo la ndani, nikalifunga mwenyewe kwenye mlango wa mbele. Limepinda kidogo. Jumatano dalali alikuja, akaingiza ufunguo wake, ukazunguka, mlango haukufunguka. Nilimsikia akijaribu mara mbili. Halafu, mtaamini, akabisha. Mtoto wa dada alikuwa karibu na mlango kuliko mimi, akauliza kwa sauti, "Nani?" Dalali akasema ni yeye, ana wageni. Mtoto akamwambia, "Mama amesema mpige simu kwanza." Wakaondoka.

Leo ni Alhamisi, na ule ufunguo bado haujarudi kwa mzee, dalali anasema ameusahau ofisini. Kwa hivyo komeo linakaa. Asubuhi hii alipiga simu, akasema kuna watu Jumamosi, akauliza saa ngapi itafaa. Dada akamwambia saa nane na nusu, atakuwa ameamka.